Breki za Land Rover ya zamani nyanda za juu kusini: ufufue dramu, ufunge za 109, au uhamie kwenye diski?

Mwenye Land Rover ya zamani anayezunguka tambarare za Usangu, Rujewa mpaka Ubaruku, anaweza kukaa miaka na breki za wastani na asione tatizo. Akipanda huku juu mambo yanabadilika. Kutoka Uyole kwenda Tukuyu unapanda mpaka Isongole, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mara nyingi ndani ya ukungu, halafu ukiacha vipande vifupi barabara inashuka tu mpaka Kyela, karibu na mita 500. Upande wa Tunduma kuna miteremko ya Iwambi na Senjele. Upande wa Iringa kuna mlima wa Kitonga, na hakuna dereva wa njia hiyo anayehitaji kuelezwa Kitonga ni nini. Ndiyo maana kila mwenye Series II, IIA au III huku kwetu hufika mahali akajiuliza kama aboreshe breki, na kwa njia ipi.

Njia zinazozungumzwa gereji ni tatu. Ya kwanza ni kufufua dramu zilizopo mpaka zifanye kazi kama zilivyotoka kiwandani. Ya pili, kwa wenye 88 (Land Rover fupi, yenye inchi 88 kati ya ekseli mbili), ni kufunga mbele breki za inchi 11 za 109 (ile ndefu, ya inchi 109), na mara nyingi hapo hapo kuongeza busta, kifaa kinachosaidia nguvu ya mguu. Ya tatu ni kutoa dramu za mbele na kuweka diski. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: fedha ya kwanza iende kwenye kufufua dramu na kufunga masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) ya njia mbili, yaani inayotenganisha breki za mbele na za nyuma. Diski ni nzuri, tena kwenye mteremko mrefu ni nzuri sana, lakini diski mpya juu ya masta ya njia moja na paipu zilizoliwa na kutu bado ni gari la hatari.

Mteremko unafanya nini kwenye breki

Gari la tani 2 likishuka mita 1,000 linatoa nishati ya megajuli zipatazo 20. Hiyo inatosha kupasha lita 60 za maji ya baridi mpaka yachemke. Sehemu yake huishia kwenye upepo, matairi, na injini kama umeweka gia. Iliyobaki yote inaingia kwenye breki kama joto.

Dramu ikipata joto hutanuka, ukuta wake ukajitenga na shuu (vipande vinavyoibana kwa ndani), na wewe unasikia pedeli inashuka kila kona. Laini zenyewe, yaani utando wa msuguano ulio juu ya shuu, zikizidi kuungua hupoteza mshiko, hivyo unakanyaga zaidi na kupata kidogo zaidi. Diski ikitanuka hunenepa kuelekea kwenye pedi, na kwa kuwa iko wazi upepo unaipoza muda wote. Kwa joto peke yake diski inashinda, hakuna ubishi. Kwa maji pia inashinda: ukivuka kijito au ukiendesha kwenye mvua za Rungwe, diski hujikausha kwa mizunguko michache, wakati dramu iliyoingia maji inaweza kukuacha bila breki kwa muda, au ikashika upande mmoja na kukuvuta nje ya barabara.

Lakini dramu ina fadhila moja ambayo watu huisahau. Shuu inayotangulia huvutwa na mzunguko wa dramu yenyewe, ikajikandamiza zaidi ya nguvu ya mguu wako. Diski haina msaada huo. Pedi hubana kwa kadiri unavyokanyaga, basi. Ndiyo sababu diski bila busta, kwenye gari zito kama hili, huwa na pedeli ngumu inayochosha mguu.

Kufufua dramu

Land Rover nyingi zinazolaumiwa kwa breki mbovu zina miaka mingi hazijaonyesha breki zake halisi. Kabla hujanunua kitu chochote, fungua uone. Dramu za Series zinashikiliwa na skrubu tatu tu baada ya kutoa gurudumu, huna haja ya kugusa habu wala beringi. Legeza ajasta (inayosogeza shuu karibu na dramu) kwanza, maana shuu zikiwa zimebana dramu haitoki hata ukiigonga.

Ikishatoka, inua ukingo wa mpira wa vumbi wa wili silinda (silinda ndogo inayosukuma shuu) kwa bisibisi ndogo. Ndani pawe pakavu kabisa. Pakiwa na unyevu, hata kidogo, silinda imeanza kuvuja na kesho fluidi itafika kwenye laini. Pitisha ukucha juu ya laini: ikiwa inang'aa na ukucha unateleza bila kuacha alama, imeungua. Kisha pitisha kidole ndani ya dramu. Ukikuta ngazi ukingoni au mitaro katikati, ipelekwe kukerezwa, na hapo wakereze mbili za ekseli moja kwa kipimo kilekile, vinginevyo gari litavuta upande. Muulize mkerezaji amebakiwa na unene gani kulinganisha na kikomo cha mtengenezaji. Dramu iliyokerezwa mara nyingi ni nyembamba, na dramu nyembamba hupata joto haraka.

Na vumbi lile usilipulize kwa kompresa, hata fundi akikuambia ndivyo wanavyofanya siku zote. Laini za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na hiyo ikiingia kwenye mapafu haitoki. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupe.

Katika njia hii unabadilisha wili silinda zote (rabakiti, yaani mipira mipya ya ndani, inatosha tu kama ndani ya silinda hakuna vishimo vya kutu), shuu nne za mbele na nne za nyuma, na zile hozi tatu za mpira. Hozi ni kitu kidogo kinachodharauliwa sana. Ya zamani huvimba kwa ndani, fluidi ikapita kwenda lakini isirudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Watu hutoa breki nzima kutafuta ugonjwa ulioko kwenye hozi.

Faida ya njia hii ni kwamba vifaa vinapatikana. Kisichokuwepo soko la Mwanjelwa kinaagizwa Dar es Salaam na kinapanda basi usiku. Kazi yote inawezekana nyumbani kwa spana za kawaida, jeki na stendi imara. Upungufu wake ni kwamba ukimaliza una breki za miaka ya 1960, zilizo sawa. Kwa 109 isiyobeba mizigo mizito naona zinatosha. Kwa 88 yenye dramu za inchi 10, ambayo kila gurudumu la mbele lina silinda moja na shuu moja tu inayotangulia, nisingeishia hapo.

Breki za 109 kwenye 88

Kwa mwenye 88 hili ndilo chaguo ninalolipenda kuliko yote. Breki za mbele za 109 ni za inchi 11, zina silinda mbili kila gurudumu, na shuu zote mbili zinatangulia, kwa hiyo zote mbili zinavutwa na dramu wakati gari linakwenda mbele. Tofauti unaisikia siku ya kwanza. Bamba linaloshika shuu na silinda hufungwa palepale pa la zamani, rimu za inchi 16 zinakaa, na nyuma unaweza kubaki na inchi 10. Land Rover wenyewe walifanya hivyo kwenye 88 za mwisho za Series III, miaka ya 1980, kwa hiyo si ubunifu wa gereji.

Mambo mawili lazima uyajue. La kwanza, silinda nne za mbele zinahitaji fluidi nyingi kuliko mbili. Ukiacha masta ndogo ya 88, pedeli itakwenda karibu na sakafu. Masta ya 109 ni nene zaidi na ndiyo inayotakiwa, au masta ya njia mbili ya kipimo hicho. La pili, breki hizi zikirudi nyuma ni dhaifu, kwa sababu shuu zote mbili zinageuka kuwa za kufuata. Injini ikizimika ukiwa unapanda na gari likaanza kurudi, usitegemee mbele zikushikilie kama ulivyozoea. Gia na hendibreki ziwe tayari.

Mafundi wengi huzichukia breki hizi kwa sababu moja: kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye fluidi. Hewa hujificha kwenye kile kipaipu kinachounganisha silinda mbili, na unaweza kupoteza chupa nzima ya fluidi pedeli ikiwa bado laini. Dawa yake ni kukaza ajasta za shuu zote mpaka ziigandamize dramu, ndipo utoe upepo, halafu uzilegeze na kuzirekebisha upya. Pistoni zikiwa hazina nafasi ya kutembea, hewa inasukumwa itoke.

Busta, na hewa yetu nyepesi

Busta haiongezi uwezo wa breki kupokea joto. Inapunguza nguvu ya mguu tu. Ukiwa na dramu mbovu, busta inakusaidia kuziunguza kwa urahisi zaidi.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo maelekezo ya kutoka Uingereza hayaligusi. Busta inafanya kazi kwa kusukumwa na hewa ya nje dhidi ya utupu unaotoka kwenye injini. Mbeya mjini, karibu mita 1,700, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, na Isongole ni pungufu zaidi. Busta ileile basi inasaidia kidogo zaidi hapa kuliko pwani. Kama unachagua kati ya ndogo na kubwa na zote zinaingia, chukua kubwa.

Injini za petroli hutoa utupu zenyewe kwenye manifoldi. Dizeli haitoi wa kutosha, inataka pampu ya vakyumu. Habari njema ni kwamba Land Rover nyingi huku zimeshavalishwa dizeli za Kijapani, na nyingi ya injini hizo zina pampu hiyo nyuma ya altaneta. Itazame kabla hujaenda kununua nyingine. Na kwa hali yoyote usishuke na frii injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta. Busta inakupa mkanyago mmoja au miwili iliyobaki, kisha unabaki na pedeli ngumu katikati ya mteremko.

Diski mbele

Hapa ndipo fedha zinakwenda. Unahitaji diski, kalipa (inayobana pedi kwenye diski), mabano ya kushika kalipa, busta, na masta inayolingana. Masta za mifumo ya dramu mara nyingi huwa na vali inayobakiza mgandamizo kidogo kwenye paipu. Kwenye dramu inafaa, lakini kwenye diski inaziacha pedi zikigusa muda wote, na ukifika Igurusi magurudumu ya mbele yanatoa harufu. Kwa hiyo usinunue diski bila kujua masta yako ni ya aina gani.

Kazi yenyewe ni nzito kuliko dramu. Lazima utoe habu, uweke sili mpya, na urekebishe beringi kwa kipimo. Kwa mtu aliyewahi kufanya kazi ya habu si tatizo. Kwa anayeanza, hiyo sehemu aifanye na fundi aliyemzoea.

Kit nzuri zinazokuja kutoka nje zipo, na zimetengenezwa ziingie kwenye ekseli za Series bila kuchomelea. Kabla hujaagiza uliza swali moja: kalipa ni za gari gani? Zikiwa za Defender au za gari lingine linalotembea Tanzania, pedi utazipata hapa hapa. Zikiwa za gari ambalo hakuna fundi Mbeya aliyewahi kuliona, utaegesha gari kwa wiki kadhaa ukisubiri pedi mbili. Uliza pia kama zinaingia kwenye rimu zako. Nyingi zimepimwa kwa inchi 16, na mwenye rimu za inchi 15 anaweza kukuta kalipa inagusa.

Njia ya mkato inayoshawishi ni kuchukua ekseli nzima ya mbele ya Defender au Discovery, kwa kuwa inakuja na diski zake. Siishauri. Ekseli hizo ni pana zaidi na zimetengenezwa kwa springi za mviringo, wakati Series inakaa kwenye springi za majani. Utachomelea, utabadilisha propela, usukani utakuwa na matatizo yake, na mwisho una gari ambalo hakuna kitabu kinacholieleza. Vilevile sipendi mabano yaliyokatwa kwa gesi gereji kutoka kwenye bamba la chuma la kuokota. Bano la kalipa linabeba nguvu yote ya kusimamisha gurudumu. Likikatika Kitonga huna pa kukimbilia.

Jambo jingine kwa wanaochanganya vifaa: paipu za Land Rover hizi zina nyuzi za inchi, za Kijapani ni za milimita. Nati ya 3/8 inaingia kwenye tundu la milimita 10 na inaonekana kama imeshika, lakini imelegea, na mgandamizo mkubwa utaichomoa. Ukitaka kutumia kalipa au masta ya Kijapani, paipu zikatwe na kuwekewa nati sahihi pande zote.

Masta ya njia mbili, kwa yeyote

Series nyingi zina masta ya njia moja. Paipu moja ikipasuka, popote, pedeli inagonga sakafu na magurudumu yote manne hayana breki. Marekani ililazimisha njia mbili kwa magari madogo mapya kuanzia Januari 1968, kwa sababu hiyo hiyo. Ukifunga masta ya njia mbili, mbele ina mfumo wake na nyuma ina wake. Ukipoteza mmoja, mwingine unakusimamisha, kwa shida lakini unakusimamisha. Katika mambo yote niliyoyataja hili ndilo la bei nafuu ukilipima kwa uhai linaoulinda, na halihusiani na kama una dramu au diski. Wakati huo huo badilisha paipu za chuma. Za shaba yenye nikeli hazishiki kutu na zinapindika kwa mkono.

Fluidi isiwe jambo la kubahatisha. Madaraja ya kawaida ni DOT 3 na DOT 4: DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzijoto 230 za Selsiasi, DOT 3 kuanzia 205. Zikishanyonya unyevu, kiwango cha chini kinashuka hadi 155 na 140. Kwa mvua na ukungu wa Rungwe nabadilisha kila mwaka, na chupa iliyokaa wazi dukani siinunui. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizi. Na mafuta ya injini au ya haidroliki yasiguse kabisa mfumo huu, yanavimbisha mipira yote.

Ukifanya nyumbani

Hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu lizunguke na gari linaweza kutembea hata hendibreki ikiwa juu. Kwenye ua wenye mteremko, na Mbeya ua usio na mteremko ni wachache, hili limeangusha magari mengi kutoka kwenye jeki. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, na gari likae juu ya stendi kabla hujaingiza mkono.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Wa ndani anakanyaga na kusema "nimeshika", wa nje anafungua nipo (skrubu ya kutolea hewa), anaona mapovu kwenye kichupa, anafunga, ndipo anasema "achia". Akiachia mapema hewa inarudi ndani na mnaanza upya.

Nani achague nini

Mwenye 109 anayetembea mjini, shambani Mbozi, na safari chache za Kyela: dramu zilizofufuliwa vizuri, masta ya njia mbili, busta kama mguu unachoka. Asitumie zaidi ya hapo mpaka ameendesha msimu mzima wa mvua.

Mwenye 88: breki za 109 mbele, masta inayolingana ya njia mbili, busta. Sioni sababu ya kwenda kwenye diski isipokuwa anavuta trela.

Mwenye kubeba mbao kutoka Mafinga, au watalii na mizigo yao kwenda Kitulo na Matema, au aliyeweka injini yenye nguvu kuliko ya kiwandani: diski mbele, kit kamili, dramu nzuri nyuma. Nyuma zisizidi mbele nguvu, maana nyuma ikijifunga kwanza kwenye lami yenye maji gari linageuka.

Kama gari lako ni Peugeot 504, kwa kawaida tayari una diski mbele. Shida yako itakuwa kalipa zilizoganda, zifungue kabla ya kufikiria kitu kingine. Mwenye Land Cruiser FJ40 yenye dramu ana bahati, kwani Toyota walifunga diski mbele kwenye zilizofuata na vifaa vyake vinaweza kutafutwa kwenye mtumba.

Chochote utakachochagua, kwenye lami shuka na gia ya tatu au ya pili tangu juu, usisubiri mpaka breki zinuke. Low (gia za chini za nguvu) ya Series inafunga magurudumu manne yote, inafaa kwenye matope ya Makete na si kwenye lami kavu.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye tambarare, mwendo mdogo. Kanyaga kwa nguvu, shikilia kwa dakika moja injini ikiwa inaunguruma: pedeli ikizama taratibu, kuna uvujaji au masta haishiki. Kisha nenda kwenye mteremko mfupi, rudi, na usogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Kushoto na kulia ziwe na joto linalokaribiana. Shuu mpya zikishakalia dramu, baada ya kilomita mia chache, ajasta zinahitaji kukazwa tena, na hapo ndipo pedeli inapanda mahali pake.